IRS imepoteza watu, haijapoteza kumbukumbu

Kwa zaidi ya mwaka sasa kuna maneno yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ndugu zetu wanaoishi Marekani, kuanzia Dallas hadi Minneapolis: IRS imeishiwa watu, hakuna tena wa kukufuata. Chanzo cha maneno hayo ni cha kweli. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mamlaka hiyo ya kodi ya serikali ya shirikisho ilikuwa na wafanyakazi wapatao 100,000. Kufikia katikati ya mwaka huo karibu robo yao walikuwa wameshaondoka, wengi kwa kujiuzulu kwa makubaliano na wengine kwa kuachishwa, na kiti cha kamishna kikabadilisha wakaaji mara kadhaa ndani ya miezi michache. Kosa liko kwenye hitimisho. Mtu anasikia kwamba watumishi wamepungua, naye anaiweka ritani yake, yaani fomu ya hesabu ya kodi ya mwaka, pembeni, au anazifungia barua kabatini, akiamini amepata nafuu. Mimi naona kinyume kabisa. Mashine inayolisajili deni, inayolikuza na inayokamata mshahara haikuhitaji watu wengi hata kabla ya 2025. Miongoni mwa walioondoka wamo wale ambao mdaiwa wa kawaida aliwahitaji sana: wa kupokea simu yake, wa kusoma maelezo yake, wa kumfutia adhabu kwa sababu ya msingi. Kwa hiyo mdaiwa mdogo ametoka kwenye punguzo hili akiwa dhaifu zaidi, na kinga yake ya kwanza ni kile kile anachokikwepa: kuwasilisha ritani kwa wakati, hata kama mfukoni hana dola moja ya kulipa.

Tuanze na tunakotoka, maana ndiko dhana zetu za kodi zilikozaliwa. Tanzania, mfanyakazi ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja hukatwa PAYE, na kwa kawaida habari ya kodi ya mapato kwake inaishia hapo. Wengi hufika kustaafu bila kuiona ritani kwa macho. Kenya, mwenye PIN, yaani namba ya mlipa kodi, anatakiwa kujaza ritani kwenye iTax kufikia Juni 30, na mtu binafsi anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kwa kutegemea ipi ni kubwa. Lakini Mkenya huyo huyo amezoea pia msamaha. Kuanzia Septemba 2023 hadi Juni 2024 KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ilisamehe faini na riba kwa waliolipa kodi yenyewe, kisha dirisha likafunguliwa tena hadi Juni 30, 2025. Basi anayetoka Dar es Salaam anatua Houston akiamini kwamba kukatwa mshahara kumemaliza kila kitu, na anayetoka Nairobi anatua akiamini kwamba siku moja utatangazwa msamaha. Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi anaweza kuwa hajawahi kukatwa kodi ya mapato maishani mwake. Wote watatu wanaingia kwenye mfumo ambao tangu 1943 mwajiri hukata kodi kwenye kila mshahara, lakini makato hayo huhesabiwa kuwa makadirio tu. Hesabu ya mwisho hufanywa na mlipa kodi mwenyewe, kila mwaka, chini ya kiapo, kufikia Aprili 15. Msamaha wa jumla kwa ratiba, kama ule tuliouzoea, mfumo huo hauna.

Kwa mwajiriwa wa kawaida, anayepewa fomu ya W-2, mara nyingi makadirio hayo huzidi kidogo na pesa humrudia. Shida inaanzia kwingine. Dereva anayeendesha lori lake mwenyewe, dereva wa Uber, mlezi wa wazee anayelipwa na wakala kama mkandarasi huru: hawa hupokea fomu ya 1099, na hakuna senti iliyokatwa. Kodi ya mapato iko pale pale, na juu yake kuna asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, ambayo kwa mwajiriwa nusu yake hubebwa na mwajiri. Faida ya mwaka ikifika dola 400 tu, ritani ni lazima. Sheria inamtaka alipe kwa awamu nne, mwezi Aprili, Juni, Septemba na Januari, lakini pesa inayoingia yote mkononi haina alama ya kuonyesha ipi ni yako na ipi ni ya serikali. Karo ya wadogo zako inasubiri, nyumba ya Kibaha au Kitengela haijaezekwa, na Aprili ikifika mtu anakuta anadaiwa dola 6,000 ambazo zilishapita mkononi mwake zikaenda. Wengine deni lao limezaliwa na mjazaji ritani aliyeandika wapwa walioko Kisumu au Bukavu kama wategemezi. Sheria inataka mtegemezi awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Canada au Mexico, na IRS inapogundua, anayedaiwa ni mwenye jina kwenye ritani. Na tangu sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025, limezuka kundi jipya linaloamini kwamba pesa ya ovataimu haina kodi tena. Kilichopo ni punguzo linalohusu ile nyongeza tu inayozidi malipo ya saa za kawaida, lina kikomo cha dola 12,500 kwa mtu mmoja, halifuti makato ya hifadhi ya jamii, na hupatikana kwa kulidai kwenye ritani. Asiyejaza ritani hana punguzo.

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo ndiyo moyo wa jambo hili, nami naomba msomaji aisome taratibu. Sheria ya Marekani ina adhabu mbili tofauti, moja ya kutowasilisha ritani na nyingine ya kutolipa. Ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi, hadi ifike asilimia 25. Ya kutolipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi, nayo hadi asilimia 25. Zikikutana katika mwezi mmoja, ya kwanza hupunguzwa na ya pili, kwa hiyo jumla inabaki asilimia 5. Mchukue yule wa dola 6,000. Akiwasilisha ritani Aprili 15 bila kulipa chochote, adhabu yake ni dola 30 kwa mwezi. Baada ya miezi mitano ni dola 150. Asipowasilisha, katika miezi hiyo hiyo mitano anakuwa ametozwa dola 1,500. Mara kumi. Deni ni lile lile, ufukara ni ule ule, tofauti ni fomu moja tu iliyotumwa au haikutumwa. Na aliyewasilisha kwa wakati akaingia kwenye mpango wa malipo hupunguziwa ile nusu asilimia ikawa robo, yaani dola 15 kwa mwezi. Riba iko pembeni ya haya yote, kwa kila anayedaiwa. Mwaka mzima wa 2025 ilikuwa asilimia 7, ikijilimbikiza kila siku. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hawakukosea, ila sheria hii imeweka dawa nyingine inayotangulia, nayo ni kujitokeza na kulitaja deni lako mwenyewe.

Na kuna nyongeza ya muda hadi Oktoba 15, inayopatikana kwa kujaza fomu fupi ya 4868 kabla ya Aprili 15. Wengi huielewa vibaya. Inasogeza siku ya kuwasilisha, haisogezi siku ya kulipa.

Mwaka juzi jamaa yangu mmoja, dereva wa lori, aliniletea mfuko wa plastiki wenye barua thelathini na kitu, nyingi hazijafunguliwa. Hakuwa mkaidi wala mjanja. Alikuwa ameogopa barua ya kwanza, kisha akaogopa kwa sababu ya barua alizokwisha kuziogopa. Ndani ya mfuko ule nilikuta kitu ambacho wengi wetu hatukijui: IRS ilikuwa imemjazia ritani. Sheria inairuhusu kufanya hivyo kwa asiyewasilisha, na inafanya kwa kutumia karatasi ilizo nazo, yaani zile 1099 ambazo kampuni zilituma nakala. Tuchukue mfano wa tarakimu za mviringo. Dereva amelipwa dola 120,000 kwa mwaka, lakini dizeli, bima, matengenezo na marejesho ya mkopo wa lori yamemla, na matumizi anayoweza kuyakata kihalali ni dola 75,000. Faida yake ni 45,000, na kwa mtu asiye na mwenzi kodi yote pamoja na ile asilimia 15.3 haifiki dola 10,000. IRS haina risiti zake za dizeli. Inaona 120,000, inampa punguzo la kawaida la mtu mseja, haimhesabii watoto, haimhesabii hata lita moja ya mafuta, na inatoka na kodi inayozidi dola 30,000. Hilo ndilo deni linalosajiliwa, na adhabu zile mbili zinahesabiwa juu yake. Hapa hakuna aliyemwonea. Hapakuwa na mtu kabisa. Kilichofanya kazi ni programu iliyolinganisha jina na namba, na kwa mwenye kukaa kimya programu haina jinsi ya kujua kwamba lori hunywa mafuta. Dawa yake ipo: ritani halisi inaweza kutumwa hata baada ya hapo, na ikikubaliwa deni hurekebishwa. Lakini lazima mtu aipokee na kuisoma, na ni hao wasomaji ambao sasa wamekuwa wachache.

Ndiyo maana nasema ile habari ya robo ya watumishi imeeleweka kichwa chini. Fuatilia njia ambayo deni linapita. Ritani inaingia au haiingii, kompyuta inailinganisha na W-2 na 1099. Ikipatikana tofauti, kompyuta inatoa barua. Deni likisajiliwa inakuja barua ya CP14 yenye kiasi na siku ya kulipa, kisha za kukumbusha, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Mwisho inakuja ile nzito, mara nyingi LT11, inayosema IRS inakusudia kukamata mali na kwamba una siku 30 za kuomba kusikilizwa. Siku 30 zikipita kimya, amri inaweza kwenda kwa mwajiri, na mdaiwa anakatwa kila kipindi cha mshahara akibakiziwa kiasi kidogo kilichopangwa kwenye jedwali, au inakwenda benki, ambayo huzishikilia pesa siku 21 kabla ya kuzikabidhi. Mdaiwa wa dola elfu kadhaa anaweza kuipita njia hiyo yote bila faili lake kushikwa na mkono wa binadamu. Mahali muhimu ambapo sheria imeweka sikio la mtu ni pale kwenye siku 30, haki iliyoletwa na mageuzi ya 1998 baada ya Baraza la Congress kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ukali wa IRS. Ukiondoa watu, unaliondoa sikio. Mkono unabaki.

Kuna mfano wa karibuni unaoonyesha ukimya wa IRS maana yake nini. Februari 2022, makaratasi ya enzi ya korona yalipoizidi nguvu, IRS ilisitisha kutuma zile barua za kukumbusha. Ukimya ulidumu hadi mwanzoni mwa 2024. Wengi walidhani wamesahauliwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu: adhabu na riba zilikuwa zikihesabiwa kila mwezi, na barua ziliporudi madeni yalikuwa yamenenepa. Desemba 2023 IRS yenyewe iliona kwamba si haki kumtoza mtu kwa miezi ambayo haikumkumbusha, ikatangaza kufuta adhabu za kutolipa za miaka ya 2020 na 2021, jumla ya takriban dola bilioni 1 kwa walipa kodi wapatao milioni 4.7. Waliofutiwa ni akina nani? Waliodaiwa kodi chini ya dola 100,000 kwa mwaka, ambao walikuwa wamewasilisha ritani zao na kupokea barua ya kwanza ya deni. Asiyewasilisha hakuwemo. Huo ndio mfano wa karibu zaidi na msamaha ambao mfumo huu umetoa katika miaka ya hivi karibuni, na mlango wake ulikuwa ni ritani.

Nikiwa mkweli, upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Wanaosema ukaguzi umepungua wana haki. Wakaguzi wa hesabu na maofisa wa ukusanyaji wanaokwenda hadi mlangoni ni miongoni mwa waliopungua sana, na kazi zao mashine haiziwezi. Lakini tujiulize nani anafaidika na upungufu huo. Kwa makadirio ya IRS yenyewe, kipato ambacho mwajiri hukikatia kodi na kukiripoti hufichwa kwa kiwango cha asilimia 1 tu, wakati kipato kisichoripotiwa na mtu wa tatu hufichwa kwa asilimia 55. Mkaguzi wa kibinadamu alihitajika kumfuata huyo wa pili: mwenye kampuni ndani ya kampuni, mwenye biashara ya pesa taslimu, mwenye vitega uchumi vya kupinda. Muuguzi msaidizi wa Lowell anayefanya zamu mbili hakuhitaji mkaguzi. W-2 yake ilifika IRS karibu wakati mmoja na ilipofika kwake. Punguzo la watu limemfungulia dirisha tajiri, na sisi tunaosherehekea nalo tunasherehekea karamu ya mwenzetu.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kuvizia miaka 10. Ni kweli kwamba IRS ina miaka 10 ya kukusanya deni, kisha deni linakufa. Nimesikia watu wazima wakipanga maisha kwa hesabu hiyo, wengine wakisema watarudi nyumbani wasubiri saa iishe wakiwa Moshi au Eldoret. Kuna mambo mawili hawakuyasoma. Kwanza, miaka 10 haianzi siku ya mshahara wala Aprili 15. Inaanza siku deni liliposajiliwa. Asiyewasilisha ritani hana saa inayotembea, wala hana ile kinga ya miaka 3 inayoizuia IRS kurudi kuongeza kodi kwenye ritani ya kawaida iliyowasilishwa. Mwaka wake unabaki wazi hata akiwa na wajukuu. Labda IRS imjazie yenyewe, na hapo saa inaanza kwa lile deni la bila dizeli. Pili, sheria inaisimamisha saa hiyo wakati mdaiwa yuko nje ya Marekani mfululizo kwa miezi 6 au zaidi. Anayekwenda kusubiri Moshi anasubiri saa iliyosimama. Na akiwa ameshachukua uraia, deni linalopita kiwango kilichowekwa, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 64,000 pamoja na adhabu na riba, linaweza kumzuilia pasipoti ya Marekani. Aliye kwenye mpango wa malipo anaoutimiza haguswi na kifungu hicho.

Hoja ninayoiheshimu ni ya hofu. Aprili 2025 wizara ya fedha na ile ya usalama wa ndani zilisaini makubaliano ya IRS kuwapa maofisa wa uhamiaji anwani za baadhi ya watu, na kaimu kamishna wa wakati huo akaondoka kazini. Suala hilo limekuwa mahakamani tangu hapo. Kwa mtu asiye na vibali anayejaza ritani kwa ITIN, namba ya kodi ya asiyestahili namba ya hifadhi ya jamii, hofu ya kuandika anwani yake ni halali, na mimi sitathubutu kumwambia kutoka kwenye kiti changu kwamba hana sababu ya kuogopa. Kwa miongo mingi aliambiwa kwamba siri za ritani zinalindwa na sheria, na alilipa kodi kwa kuamini neno hilo. Huyo anahitaji kuongea na wakili kabla ya kufanya lolote. Ila hofu hii imeazimwa na watu isiyowahusu. Mwenye ukaazi wa kudumu anayekaa kimya kwa sababu ya habari hizi anajichimbia shimo lake mwenyewe, kwa kuwa fomu ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama unadaiwa kodi iliyopita muda wake, na kama tangu upate ukaazi umewahi kuamua kutowasilisha ritani kwa kujihesabu si mkaazi. Na ukishapata uraia ukataka kumdhamini mama yako aje, hati ya udhamini inadai ritani yako ya mwaka wa karibuni. Anayedaiwa lakini ana mpango wa malipo anaufuata ana karatasi ya kumwonyesha ofisa. Asiyewasilisha hana cha kuonyesha.

Inabaki hoja ya kila siku: niwasilishe ili iweje, na pesa sina? Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoangukia mikononi mwa wauza matumaini. Sheria inamtambua asiyeweza kulipa kwa njia kadhaa. Anayedaiwa hadi dola 50,000, kodi na adhabu na riba zikiwa pamoja, anaweza kuomba mpango wa malipo ya kila mwezi mtandaoni, bila kuongea na mtu yeyote. Akikubali kukatwa moja kwa moja kutoka benki, ada ya kuanzisha ni dola 22, na mwenye kipato cha chini husamehewa ada hiyo. Hii ndiyo njia moja ambayo upungufu wa watumishi haujaigusa sana, na haiko wazi kwa mwenye ritani zisizowasilishwa. Ambaye akilipa kodi atakosa chakula anaweza kuomba deni lake liwekwe kando kama lisilokusanyika kwa sasa. Riba inaendelea, lakini mshahara haukamatwi, na saa ya miaka 10 inatembea. Aliyechelewa mara ya kwanza, akiwa na miaka 3 safi nyuma yake, anaweza kuomba adhabu ifutwe kwa simu au barua. Na kuna ile njia maarufu ya kupatana kulipa pungufu, inayotangazwa redioni na mitandaoni kana kwamba ni haki ya kila mdaiwa. Ipo kweli. Ada yake ni dola 205, na anayetaka kumaliza kwa mkupuo hutanguliza asilimia 20 ya kiasi anachokiomba, ingawa mwenye kipato cha chini husamehewa vyote viwili. Lakini IRS huhesabu thamani ya gari lako, nyumba yako, akiba yako na mshahara utakaobaki baada ya matumizi ya lazima. Ikiona unaweza kulipa lote, inakataa. Kuna watu wamelipa maelfu ya dola kwa makampuni ya kuombewa kitu ambacho hesabu ya nusu saa ingewaonyesha hawawezi kukipata, na wakati huo wote ritani zao zilikuwa hazijawasilishwa, kwa hiyo ombi lisingepokelewa hata likiwa la haki.

Nini kinafuata basi kwa jamii zetu? Kwanza, msaada wa bure unapungua wakati haja inaongezeka. Mfumo wa Direct File, uliomwezesha mtu kuwasilisha ritani moja kwa moja kwa IRS bila malipo, ulianza kwa majimbo 12 mwaka 2024, ukafika majimbo 25 mwaka 2025, na kwa msimu wa 2026 umeondolewa. Nafasi yake inajazwa na wajazaji wa kulipwa, na kati yao wapo wanaokufanyia kazi sebuleni kisha wanakataa kutia saini. Anayejaza ritani kwa malipo anatakiwa na sheria kusaini na kuandika namba yake ya PTIN. Asiyeandika amekuachia wewe mzigo wote. Ningependa kuona misikiti, makanisa na vyama vyetu, ambavyo tayari vina utaratibu mzuri wa kuchangia misiba, vikiwafunza vijana wawili watatu kila mji kujitolea kwenye mpango wa VITA, ambapo ritani za watu wa kipato cha chini hujazwa bure na watu waliofaulu mtihani wa IRS. Mzee wa Kikongo wa Louisville anayeelewa Kiswahili tu anahitaji mtu wa kukaa naye na kumwambia barua hii inadai nini. Kwa wenye deni tayari, zipo kliniki za sheria za walipa kodi wa kipato cha chini zinazofadhiliwa kwa sehemu na IRS yenyewe lakini zinazomwakilisha mdaiwa dhidi yake, bure au kwa ada ndogo.

Pili, kwa kuwa simu ni za kusubiri, kila kitu kiende kwa maandishi. Ombi la kusikilizwa ndani ya zile siku 30 hutumwa kwa fomu ya 12153, na ukituma kwa posta ya rejista risiti yake ni ushahidi kwamba ulitimiza muda, hata kama upande wa pili itachukua miezi kabla mtu hajaifungua bahasha. Likifika kwa wakati, kwa kawaida ukamataji wa mali kwa deni hilo husimama mpaka usikilizwe. Sikio limekuwa mbali, hivyo barua ndefu yenye tarehe ina uzito kuliko ilivyokuwa miaka mitano iliyopita.

Na kwa aliye nyuma miaka mingi, kwa sera yake ya kawaida IRS humtaka alete ritani za miaka 6 ya mwisho ili ahesabiwe amerudi kwenye mstari, hata kama alikosa miaka 12. Karatasi zikiwa zimepotea, nakala za W-2 na 1099 alizoandikiwa anaweza kuzitoa kwenye akaunti yake ya mtandaoni ya IRS, zile zile ambazo kompyuta inazitumia dhidi yake. Aanze na miaka ya karibuni. Si ajabu akakuta baadhi ya miaka hiyo hakuwa anadaiwa hata kidogo; mwajiri alimkata zaidi kuliko ilivyopasa, na pesa yake imekaa Washington ikimsubiri. Lakini pesa hiyo nayo ina saa yake, miaka 3, kisha inakuwa mali ya serikali. Kwa ritani ya mwaka 2022, mwisho wa dirisha ni Aprili 15, 2026.